Kabla Umeme Haujakatwa Tena

Mafundi umeme walikata umeme asubuhi, wakaunga waya wa muda, kisha mkubwa wao akachungulia kwenye chumba chetu cha seva, zile kompyuta kuu za hospitali. "Tutakata tena mchana," alisema kwa upole wa mtu asiyejua anachokisema. "Kidogo tu."

Kidogo kwake. Mimi nilitoka jasho na kiyoyozi kinavuma. Watu wa upasuaji na maabara wana jenereta. Sisi wa seva tumesahauliwa, na betri zetu za akiba zilishakufa. Asubuhi ile seva ya maabara ilipowaka baada ya umeme kurudi, mtandao wake ulikuwa unatambaa, na maombi ya damu kutoka upasuaji hayakufika. Mchana huo huo mdogo wangu, aliyenifuata ziwa, alikuwa afanyiwe upasuaji wa kujifungua. Kondo la nyuma lilikuwa limeziba njia. Daktari alishatuambia kwamba atavuja damu, tusichojua ni kiasi gani.

Ugonjwa wa ile seva naujua. Swichi yetu, kile kisanduku kinachounganisha kompyuta zote, ni ya zamani, imefungwa kwenye kasi ya megabiti mia, na inasema na kusikiliza kwa wakati mmoja, yaani pande mbili. Kadi ya mtandao ya seva ikiwaka bila maelekezo hujaribu kukubaliana nayo, haijibiwi, basi inaamua kuongea kwa zamu. Hapo ni kama mume na mke wanaogombana, kila mmoja anamkatiza mwenzake. Amri moja inaponya, lakini seva ikizimwa inaisahau. Lazima iandikwe kwenye faili linalosomwa seva inapowaka. Tena programu ya maabara ikianza na mtandao mbovu hukwama, na kuinyanyua ni karibu saa nzima. Asubuhi tuliinyanyua kwa mbinde.

Mwenzangu wa zamu tunamwita Bingwa, kwa sababu kwa maneno hajawahi kushindwa. Alijipiga kifua. "Dada, nimeshaandika kwenye faili. Sasa ni ya kudumu. Nenda kanywe chai."

"Umeijaribu?"

"Ya nini? Imo. Soma mwenyewe."

Nikasoma. Kasi imo, pande mbili zimo. Lakini moyo ulikataa kutulia. Njia ya kujua kama kitu ni cha kudumu ni moja tu, nayo ni kuizima seva na kuiwasha. Nilijiambia bora nusu shari kuliko shari kamili, nikampigia muuguzi msimamizi wa upasuaji.

"Sista, naomba msimwanze mgonjwa anayefuata. Nazima seva."

"Ameshafika mlangoni! Unamjua ni nani?"

"Namjua. Ni mdogo wangu."

Alivuta pumzi. "Daktari atakuja kukutafuna."

"Anitafune, Sista. Ila asianze."

Nikaizima. Haijawaka vizuri, simu ikaita. Alikuwa mume wa mdogo wangu. "Shemeji, kuna mtu wa kompyuta kasimamisha kila kitu! Mke wangu yuko kwenye kitanda cha magurudumu, anatetemeka. Nikimpata huyo mtu!"

"Ni mimi, shemeji."

Akakata simu. Nilitamani ardhi inimeze.

Seva ikawaka. Bingwa akasoma kwenye skrini, na sauti yake ikapungua njiani. "Mia... kwa zamu."

Yale yale ya asubuhi. Nilirudi kwenye faili nikasoma neno kwa neno, safari hii na jina la kadi, ambalo wote wawili tulilipita. Aliandika kila kitu sawasawa, lakini kwa kadi ya kwanza kati ya mbili za seva. Ile ya kwanza tundu lake lilivunjika, waya tukauhamishia ya pili. Tuliipa maelekezo kadi isiyo na waya.

"Bingwa wewe!" nilisema, na sikuwa na nafasi ya kumtukana zaidi. Nikabadilisha, nikazima, nikawasha. Mia, pande mbili. Programu ya maabara ikanyanyuka yenyewe. Nikampigia Sista aanze.

Mafundi hawakutuambia wanakata. Taa zilizimika tu, mashine zote zikanyamaza. Umeme ulirudi, seva ikaanza kunguruma. Nilishindwa kutazama.

"Soma, Bingwa."

"Mia. Pande mbili. Dada, hatujagusa kitu!" Akapiga makofi, kisha akayakatisha.

Ombi la kwanza lilikuwa limeshatokea kwenye skrini: damu, chupa nne, haraka. Lilikuwa na jina la mdogo wangu.

Siku nzima niliomba huo mtandao uwe mwepesi. Ulikuwa mwepesi, na habari ya kwanza kuniletea ni kwamba anavuja damu. Chini ya ombi likatokea jibu la maabara: damu inaoana na yake, inapelekwa. Hakukuwa na kingine cha mimi kufanya, na hilo ndilo lililonitesa.

Tulikaa hivyo mpaka simu ilipoita.

"Shemeji," mume wa mdogo wangu alisema, "wamemaliza kumshona. Mama na mtoto wote wazima."

Nilifungua mdomo nimjibu, nikaangua kilio.