Jedwali Lililopangwa Vizuri

Bibi wa kitanda cha sita, aliyezaa watoto saba kwa uchungu wake mwenyewe, alikuwa mwanamume. Ndivyo ilivyosema kompyuta yangu saa tatu na nusu asubuhi, nami nikacheka peke yangu. Kisha kicheko kikanikauka mdomoni.

Miaka ishirini na miwili nimekuwa muuguzi wa wodi ya saratani. Mwaka huu nikajitia kimbelembele: nikaomba nijiunge na utafiti wa hospitali, nijifunze kuchambua vinasaba vya wagonjwa kwa kompyuta. Daktari bingwa alitabasamu upande mmoja. "Muuguzi na kompyuta wapi na wapi?" Nikaapa moyoni kwamba nitamfunga mdomo.

Kazi yenyewe ilikuwa hii. Wagonjwa kumi na wawili walisubiri dawa kali ya saratani. Mtu mwenye kasoro katika kinasaba kimoja hawezi kuivunjavunja dawa hiyo mwilini. Hujirundika ndani yake mpaka imwue kabla ya ugonjwa wenyewe. Nilimpata mmoja, bibi wa kitanda cha sita, nikaandika asipewe. Waliobaki niliwapitisha. Daktari alisaini jana, kwa kuliamini neno langu.

Zoezi la leo lilikuwa dogo. Mwalimu wetu, msichana wa rika la binti yangu, alitaka tuhakikishe kila sampuli ni ya mwenyewe: kromosomu Y ionekane kwa wanaume, isionekane kwa wanawake. Nilimwita. Aliinama juu ya bega langu, akatazama, asicheke.

"Mama, haya majina uliyapanga?"

"Kwa alfabeti. Ili yapendeze."

"Na namba za sampuli ulizipanga pamoja nayo?"

Nilikuwa nimechagua safu ya majina peke yake. Majina yalihama, namba zikabaki pale pale, na kila mgonjwa akapewa damu ya mwenzake. Mwalimu alifungua orodha ya maabara, kidole chake kikashuka kwenye skrini taratibu mno. Namba yenye kasoro ilikuwa ya fundi cherehani wa kitanda cha tisa.

"Anaanza dawa lini?"

"Ameshaanza," nikasema. "Saa tatu."

Nilipiga simu ya wodi; iliita, ikaita, ikakatika bila kupokewa.

Nilishuka ngazi za ghorofa mbili kama mtu anayefukuzwa. Nakiri kwa aibu: njiani sikumwaza fundi. Nilimwaza daktari na tabasamu lake. Nikatunga la kusema, kwamba mashine imeleta hitilafu, tunasimamisha kidogo tu. Wauguzi tunaijua lugha hiyo, na wagonjwa hawaulizi.

Nilimkuta fundi ameketi, akimtania mgonjwa jirani kwa shati lililoshonwa kombo. Dripu ilikuwa inadondoka kwenye mrija wake. Nilifunga klipu, nikauchomoa mrija, nikamtuma muuguzi mwenzangu amwite daktari mbio.

"Vipi, dada? Imekwisha mapema hivyo?"

"Haijaisha."

"Sasa?"

Alinitazama kwa jicho la mtu aliyezoea kuona mshono uliokwenda upande. Uwongo wangu ulikuwa tayari, umenyooshwa na kupigwa pasi. Haukutoka.

"Nimekosea mimi," nikasema. "Dawa hii haikufai, na mimi ndiye niliyeandika kwamba inakufaa."

Mgonjwa jirani aligeukia ukutani.

"Jana si ulinishika mkono, ukaniambia nilale bila wasiwasi?"

"Nilikuambia."

"Imeingia kiasi gani?"

"Robo ya mfuko."

"Itaniua?"

"Sijui. Daktari anakuja, tutafanya kila tuwezalo. Lakini sijui."

Viatu vya daktari vilisikika koridoni. Nilitamani afike upesi, na nilitamani asifike kabisa. Kipimo kilipaswa kurudiwa, kwa hiyo nilichukua sindano na kichupa cha damu, nikabaki nimevishika. Kumwomba mkono wake sikuthubutu.

Aliunyoosha mwenyewe.

"Toa," akasema. "Lakini jina langu uliandike hapa hapa, nikiona."

Nilitoa damu, nikaliandika jina lake kwenye kichupa. Alilifuata herufi kwa herufi, akanitaka niongeze nukta ya i niliyoisahau, kisha akakisukuma kichupa kwangu.

"Sasa lisome wewe."

Nikalisoma kwa sauti, daktari akiwa amesimama miguuni pa kitanda.