Kaunta ya Mabegi

Kiti cha kwanza kilivunjikia mgongoni mwa mtu. Cha pili kilipasua kioo cha chumba cha vijana pale maktabani, vigae vikamwagika hadi kwenye kaunta ya mabegi, na mama wa mabegi akajua mambo yameharibika.

Mkutubi ndiye aliyeanzisha hizi Jumamosi: vijana wa mtaa wa juu na wa mtaa wa chini, waliozoea kurushiana mawe, wakae meza moja wasome, wabishane kwa maneno. Walikubali kwa sharti. Mabegi yabaki kaunta, kila mtu apewe kibati chenye namba, na asipekuliwe mtu. Mama wa mabegi aliliheshimu sharti hilo kupita kiasi. Hata leo, alipopokea begi la mtoto wa kaka yake na kitu kirefu kikagonga mbao, alilitundika akanyamaza. Angesema nini? Kijana mwenyewe kamlea tangu hajaota meno.

Sasa huyo anakuja mbio, mdomo umepasuka, kibati mkononi.

"Shangazi, begi langu!"

"La nini?"

"Kibati hiki hapa. Nipe!"

Nyuma yake, mkutubi alikuwa akipiga kelele, "Mwacheni! Mwacheni jamani!" Kijana mmoja wa mtaa wa juu, mrefu, wanayemwita Ngongoti, alikuwa amelazwa kifudifudi kati ya rafu, na vijana wa mtaa wa chini, wenzake huyu mwenye kibati, ambao shangazi mtu aliwafahamu vizuri, walikuwa wamemkalia. Wanasubiri begi. Mama wa mabegi alielewa yote.

Akalitungua begi, akalikumbatia, akakaa nalo chini.

"Sitoi."

"Usinitie aibu, shangazi. Wananiangalia."

"Na wakuangalie! Utaanza kuniua mimi, mwanaharamu wee!"

Kijana aliruka kaunta. Akavuta mkanda, ukakatika. Akamkanyaga mkono, mfupa ukalia kwa ndani, akampiga mateke ya mbavu mfululizo, huku machozi yanamtoka. "Achia! Achia, shangazi, nakuomba!" Loo, mtu anaomba na anapiga! Mama wa mabegi alitema jino, akalalia begi kwa kifua. Ncha ikatoboa kitambaa, ikamchana kidevu. Hakuachia.

Wale waliomkalia Ngongoti waligeuka kutazama. Hata wahuni wana mashangazi.

"Oya, si ndiye aliyekulea huyo?" mmoja akauliza, akainuka.

Ngongoti hakungoja jibu. Alichomoka, akatoka mlango wa nyuma, akatimua mbio akiwa hai.

Polisi walifika. Askari mmoja alifungua begi, akatoa panga jipya, bado lina karatasi ya dukani.

"La nani hili?"

Mkutubi alimtazama kijana. Kila mtu alimtazama kijana.

"Langu," alisema mama wa mabegi.

"Lako, mama? Na nani kakupiga hivi?"

"Nimeanguka."

"Haya. Utaanguka na kituoni." Askari akatoa pingu. Mkono ulikuwa umevimba, pingu ikakataa kufunga. Akaibana kwa nguvu, na mama wa mabegi akapiga ukelele.

"Taratibu, afande!" kijana akaropoka. "Mkono huo umevunjika."

Askari aliacha kubana. Akageuka polepole.

"Wewe umejuaje?"

Kijana aliinamisha kichwa, akabaki anatazama kiatu chake cha kulia.