Sauti ya Baba Ndani ya Mashine

Haya alinisimulia binti wa kaka yangu, juma lile alipokuja kunisaidia kuchambua maharage.

Anafanya kazi ofisi ya kuita magari ya wagonjwa. Ukipiga simu pale, mashine ndiyo inayokupokea: "Kwa mgonjwa, bonyeza moja. Kwa moto, bonyeza mbili." Ili wajue kama inafanya kazi sawasawa, wakatengeneza mpigaji wa bandia, mashine nyingine inayopiga na kulia shida kwa sauti ya mtu. Sauti hiyo binti aliichukua kwa baba yake.

Kaka yangu kwa maigizo hajambo. Alishika kifua, akalia, "Jamani nisaidieni, kifua kinabana, pumzi sina!" mpaka jirani akaja mbio na mwiko mkononi.

"Mzee! Mzaha mzaha hutumbua usaha!" jirani akamkemea.

Wakacheka mpaka machozi.

Basi wapokeaji wote ofisini, wale watu ambao mashine huwaunganishia simu, wakaambiwa: mkimsikia mzee huyo, kateni, ni jaribio.

Mchana mmoja binti aliichomoa ile mashine ya mpigaji wa bandia ili apanguse meza. Mwenzake, waliyemwita Redio kwa kuwa hajui kunyamaza, akapokea simu. Spika ikatoa sauti:

"Jamani... nisaidieni..."

"Babu wa bandia huyo! Leo kaamka na lake," Redio akacheka, kidole kikienda kukata.

Binti akautazama waya mkononi mwake. Mashine haina umeme. Sasa anayelia ni nani?

"Usikate! Redio, huyo ni baba!"

"Baba gani? Si ile..."

"Nimeichomoa, tazama! Baba! Baba!"

Kisha pumzi nzito, kama mtu anayeburuta gunia.

"Mama," mzee akamwita bintiye kama alivyozoea. "Mbona mnanikatia? Hii mara ya tatu napiga."

Binti akamwandikia Redio nyumba ilipo. Redio alikuwa ameshaita gari, na sasa akawaelekeza nyumba hiyo.

"Baba, niongeleshe."

"Nikuongeleshe nini, na pumzi hii?"

"Chochote. Nitukane."

"Mjinga... wewe..."

Halafu asimsikie tena. Alisikia bomba la jikoni kwao likidondosha maji, tone, tone, naye akiita mpaka koo likakauka. Ndipo akasikia mlango ukivunjwa, na mtu akisema, "Yupo hai, leteni machela."

Jioni hospitalini mzee alikataa kufumba macho.

"Nikilala nisiamke, je?"

"Nipo, baba. Sikuachi."

"Hata chooni hutaenda?"

"Hata chooni."

Akamshika bintiye kidole kama mtoto, na baada ya muda akaanza kukoroma. Binti akakaa akisikiliza, kila pumzi ikitoka akiogopa nyingine haitakuja, mpaka kichwa chake kikaangukia ukingo wa kitanda, viatu bado miguuni, usingizi ukamchukua.