Ndiyo ya Sikio la Kushoto

Uongo mwingine hauanzi kwa ubaya. Huanza kwa mama kumpenda mwanawe, na huo ndio wa kuogopa kuliko wote. Uongo wa mtu mbaya utaujua kwa harufu, lakini huu unanukia sabuni na shati lililopigwa pasi. Mama Fundi alikuja kulijua hilo siku ya Jumanne, saa nne asubuhi, akiwa kwenye benchi la benki, mkoba wake mapajani, roho mkononi.

Alikuwa mshonaji. Cherehani yake ilikaa barazani, kwenye nyumba ya vyumba vitatu aliyopanga tangu mwanawe hajaota jino. Mwanawe huyo alikuwa wa pekee, na mtaa mzima ulimwita Koplo hata baada ya kutoka jeshini, kwa sababu alitembea kama mtu anayehesabiwa hatua. Alitumikia miaka kumi na minne katika kikosi cha mizinga. Akarudi na cheti cha kustaafu kwa heshima, masanduku mawili, na sikio la kushoto lililokufa. Mzinga uliolia kabla ya wakati wake ndio uliolizima. Kumsemesha upande huo ilikuwa sawa na kuusemesha ukuta. Tena ukuta afadhali, hurudisha mwangwi.

Basi mwenye nyumba, mzee mwungwana asiyepandisha kodi bila kuomba radhi, akaamua kuhamia kwa binti yake na kuiuza nyumba. Akaja barazani, akavuta kigoda.

"Mama Fundi," akasema, "wewe umekaa humu kuliko mimi mwenyewe. Nawapa ninyi nafasi ya kwanza. Ila mwisho wa mwezi ujao ukipita bila barua ya benki, yuko mtu anaitaka. Anataka kuvunja ajenge maduka."

Kuvunja! Kwenye mwimo wa mlango wa chumba cha kati kulikuwa na mistari ya chaki ya fundi, kimo cha Koplo mwaka baada ya mwaka, mpaka pale mtoto alipompita mama na mama akashindwa kufika kuchora. Mistari ile haikufutwa hata nyumba ilipopakwa rangi. Mama Fundi alimwambia fundi wa rangi aizunguke kama anavyozunguka swichi.

Koplo akapata habari kwamba ipo benki inayowakopesha wanajeshi wastaafu wanunue nyumba bila kutanguliza hata senti. Akapeleka maombi, akaitwa kwa mahojiano. Mambo yangeteleza vizuri, kama si mteja mmoja aliyekuja kupunguziwa sketi.

"Benki?" akasema yule mteja, huku anapimwa kiuno. "Hao hawampi mtu mwenye kasoro. Bima inamkataa. Shemeji yangu walimnyima kwa ajili ya presha tu."

Tangu hapo Mama Fundi hakushona mshono ulionyooka.

"Hilo sikio tusilitaje," akamwambia mwanawe, amesimama upande wake wa kulia kama ilivyokuwa desturi ya nyumba ile.

"Mama, fomu inauliza habari za afya."

"Paache wazi. Mimi nitakaa kushoto kwako, mtu wa benki atakaa kulia. Na ukiulizwa kitu usichokisikia, usikunje uso na kusema 'eti?' kama umeulizwa njia ya kwenda mbinguni. Sema ndiyo."

"Ndiyo kwa kila kitu?"

"Si ulisema ndiyo jeshini miaka kumi na minne? Ilikudhuru?"

Koplo akacheka, akabana visigino. "Ndiyo, afande."

Ikabaki barua ya daktari wa hospitali ya jeshi, ile iliyoeleza kisa cha sikio. Koplo alikuwa ameitia kwenye bahasha moja na vyeti vyake vingine. Asubuhi ile, alipoingia kuoga, mama yake akaichomoa. Kuichana hakuthubutu, kwa sababu ilikuwa na muhuri. Kuiacha nyumbani alihofia mwanawe angeiona akaibeba. Akafumua bitana ya mkoba wake, akaiingiza humo, akaishona kwa mkono mshono wa kurudi nyuma mara mbili, ule anaouweka kwenye makalio ya kaptula za wanafunzi.

Mlangoni mwa benki palikuwa na mlinzi mtu mzima, mwenye masharubu ya kuchana. Alipomwona Koplo akanyooka.

"Mizinga?"

"Mizinga," akajibu Koplo.

"Nimekujua kwa shingo," akasema mlinzi, na wakapeana mikono kama ndugu waliopotezana. Mama Fundi hakuelewa shingo imeingiaje, wala hakuuliza. Macho yake yalikuwa kwenye viti.

Na viti ndivyo vilivyowaangusha. Meza ya afisa mikopo ilisukumwa kwenye pembe ya chumba, na kiti cha mteja kilikuwa kimoja tu, kimekazwa kwa skrubu sakafuni, kimegeukia ubavu. Ukikikalia, afisa yuko kushoto kwako. Kulia kulikuwa na feni ya kusimama iliyonguruma kama mashine ya kusaga.

"Mama atatusubiri pale kwenye benchi," akasema afisa mikopo, binti mwenye miwani na sauti ya taratibu, taratibu mno.

Akafungua kompyuta yake. "Haya kaka. Una mkopo mwingine popote?"

"Ndiyo," akasema Koplo.

"Benki gani?"

"Ndiyo."

Binti akainua macho. "Zaidi ya moja?"

"Ndiyo, dada."

Vidole vikachapa. "Umeoa?"

"Ndiyo."

"Wake wangapi?"

Koplo akatoa lile tabasamu lake la kuzibia pengo. "Ndiyo."

"Na wote hao watakaa kwenye nyumba hii unayotaka kununua?"

"Ndiyo kabisa."

Kwenye benchi Mama Fundi aliuma ncha ya mtandio wake. Mwanawe, ambaye hajawahi kuleta nyumbani hata mchumba mmoja wa kusingizia, ameshapata ukoo mzima na madeni ya kuulisha! Akajaribu kukohoa. Feni ikakimeza kikohozi.

"Umewahi kuachishwa kazi kwa utovu wa nidhamu?"

Sema hapana, mwanangu, akaomba mama moyoni. Mara hii moja tu, usinitii, sema hapana.

"Ndiyo," akasema Koplo, kwa ukakamavu wa mtu aliye mbele ya gwaride.

Binti akaondoa mikono kwenye kompyuta. Akakishika cheti cha kustaafu, akakitazama, akamtazama mwenyewe. "Kaka, majibu yako na cheti chako ni mbingu na ardhi. Anayecheza na fomu mimi sigombani naye. Nabonyeza hapa tu, na ombi lake linafungwa miezi sita." Akanyanyua kidole.

Miezi sita. Mwisho wa mwezi ujao mistari ile ya chaki ingekuwa kifusi. Mama Fundi akaona njia mbili, na zote zina miiba. Akinyamaza, mwanawe ataondoka hapo na jina la mwongo. Akisema, ataondoka na jina la kiziwi, na nyumba pia haipo. Lakini kiziwi ni kweli. Mwongo si kweli.

"Binti yangu, usibonyeze!"

Sauti ile iliiruka feni, ikampata Koplo kwenye sikio zima. Akageuka. Na foleni yote ikageuka.

"Huyu hajadanganya," akasema mama, ameshasimama. "Hajasikia. Sikio la kushoto limekufa jeshini, na aliyemfundisha kuitikia ndiyo ni mimi. Kama kuna wa kufungiwa miezi sita, nifungie mimi."

Koplo akainuka. Masikio yote mawili, zima na bovu, yalikuwa yamemwiva kwa haya. "Mama, tulikubaliana nini?"

"Tulikubaliana ujinga, baba. Kaa."

Binti alikunja mdomo kama anayezuia kitu, haikujulikana kama ni hasira au kicheko. Akaisogelea meza na kupaza sauti. "Ipo barua ya hospitali?"

"Imo kwenye bahasha," akasema Koplo. Akapekua. Akapekua tena, karatasi moja moja. Halafu akaacha, akamtazama mama yake polepole, maana anamjua.

"Mama."

"Bee."

"Barua iko wapi?"

Mama Fundi akaukumbatia mkoba wake. Akaona hakuna pa kukimbilia, akawageukia watu wa foleni na kuuliza kwa sauti, "Nani ana wembe?"

Jamani, ndani ya benki yapo maneno hayasemwi. Foleni nzima ikahamia ukutani. Mlinzi akafika kwa hatua tatu, rungu mkononi.

"Mama! Wembe wa nini?"

"Wa kufumulia."

"Kumfumua nani?"

"Mkoba, baba wewe! Mkoba!"

Binti akatoa mkasi mdogo kwenye mtoto wa meza. Mama Fundi akaanza kufumua, lakini mshono wake mwenyewe ukamgomea. Mlinzi akaweka rungu chini, akashika mkoba huku, Koplo akavuta uzi kule.

"Umeshona mshono gani huu?" Koplo akauliza.

"Wa kaptula."

"Wa makalio?"

"Wa makalio."

"Basi mwambieni meneja tutalala hapa."

Barua ikatoka, imekunjamana na ina nyuzi nyeusi zimeing'ang'ania. Binti akaisoma mpaka chini, akaigeuza, akaisoma muhuri.

"Mama," akasema, na sasa kicheko kilikuwa kimemshinda, "hii ndiyo niliyokuwa naitafuta. Mwanajeshi aliyeumia kazini, bima yake inalipwa na mfuko wa jeshi. Bila barua hii ningempeleka kwa daktari wetu, sikio lingeonekana siku ileile, na tungeuliza kwa nini limefichwa. Hapo ndipo tungemnyima. Si kwa ajili ya sikio. Kwa ajili ya kuficha."

Mama Fundi akakaa.

"Na hata mngeficha," mlinzi akasema, akiokota rungu lake, "watu wa mizinga wote tunageuza shingo hivi, kama jogoo anayesikiliza mtama. Sikio moja la kazi, jingine la urembo."

Binti akazima feni. Kiti cha mteja hakikuhamishika, kwa hiyo akabeba chake mwenyewe, akakiweka kulia kwa Koplo, akavuta kompyuta mapajani. "Tunaanza upya. Mkopo mwingine?"

"Hapana."

"Umeoa?"

"Hapana."

"Andika bado, binti yangu," akaingilia Mama Fundi. "Hapana ni kufunga mlango."

"Mama, kompyuta haina bado," akasema binti.

"Basi hiyo nunueni nyingine."

"Nani anakutegemea?" binti akaendelea.

Koplo akaelekeza kidole kwenye benchi, kisha akasita. "Au mimi ndiye ninayemtegemea. Andika unavyoona inafaa."

Barua ya benki ilifika zikiwa zimebaki siku nne. Mwenye nyumba aliisoma mara mbili, akaibusu, akasema yule wa maduka na akajenge kwingine.

Mchana ule, baada ya mzee kuondoka, Koplo alikula kwenye meza ya chumba cha kati, uso mlangoni. Mama yake alisimama kushoto kwake na sufuria mkononi, akitazama mistari ya chaki. Shukrani alikwisha kuzitoa, kwa Mungu na kwa binti wa miwani. Kilichobaki kooni hakikuwa shukrani. Siku zile zote alijidanganya kwamba anaiogopa bima, kumbe alilionea haya lile sikio, kama fundi anayeficha nguo aliyoiunguza kwa pasi. Na mtoto anapofichwa na mama yake mwenyewe, ataamini nini juu yake?

"Nisamehe, baba," akasema kwa sauti ya chini.

"Ndiyo," akasema Koplo, akachota kijiko kingine.

Angeweza kuachia hapo. Neno limetoka, jibu limepatikana, sufuria inangoja kuoshwa. Wangapi kati yetu huachia hapo! Lakini Mama Fundi alikuwa ameshaona ndiyo ya sikio lile inafikisha watu wapi. Akaiweka sufuria chini, akaizunguka meza, akaja kusimama upande wa kulia.

"Nisamehe, baba. Nilikuficha."

Koplo akaweka kijiko. Akamtazama mama yake, shingo imegeuka kidogo kama desturi yake.

"Ile ya kwanza," akasema, "nilidhani unaniuliza kama nimeshiba."

"Na sasa je?"

"Sasa, Mama, nimeshiba."