Gogo Alilolikalia Mama Yatmi

Tohari alikuwa mfanyabiashara wa kuni mwenye ugonjwa mmoja: alipenda magogo kupita kiasi. Lori likiingia uani kutoka milimani, yeye aliyapitia magogo moja moja, akayanusa na kuyagonga kwa kisogo cha shoka, huku akitega sikio. Mengi, ya mkangazi na mshokishoki, yalikwenda moja kwa moja kwenye msumeno, kisha yakapasuliwa kwa ajili ya matanuru, maana huku kwetu kusini mwa wilaya ya Kebumen karibu kila nyumba inaishi kwa kuchoma vigae vya paa. Lakini katika kila lori lilikuwemo gogo ambalo alishindwa kulipasua. Hilo alilivingirisha hadi nyuma ya banda la mbuzi, akalifunika kwa magunia.

Mkewe, Rusmini, ambaye wote tulimwita Mama Yatmi kwa jina la binti yao anayefanya kazi mjini Semarang, ndiye aliyekuwa akiuza. Aliwaambia wateja kwamba mumewe ameoa wake wengine, amewaficha kule nyuma ya mbuzi, wote wanene na hakuna hata mmoja anayejua kupika. Tohari alicheka pamoja na wateja, lakini magunia hayakufunuliwa.

Kipenzi chake kati ya magogo hayo lilikuwa gogo la mfenesi, pana, lenye kiini cha rangi ya manjano mbichi. Siku aliyolinunua alimwambia mkewe kwamba hilo ndilo litakuwa kitanda chao. Miaka ikapita. Mama Yatmi akawa anasema kitanda hicho atakilalia akishakuwa marehemu, na kwamba ni heri mumewe alichome gogo hilo wapate kupikia wali.

Msimu ule mvua zilikuja mapema. Jirani yetu Pak Wiryo, yaani Mzee Wiryo, alikuwa amejaza tanuru vigae vyote alivyofinyanga wakati wa kiangazi, moto ukawashwa, na Tohari akamwahidi kwamba lori jingine la magogo litafika asubuhi. Halikufika. Mlima ulikuwa umeporomoka na kuifunga barabara, na tanuru ndiyo kwanza lilikuwa limefika kwenye moto mkali. Moto ukilegea hapo, vigae hutoka vimepauka, vinanyonya maji kama mkate.

Pak Wiryo alikuja uani akiwa amelowa. Hakulaumu. Aliuliza tu kama kuna chochote. Tohari akampa kuni zote kavu zilizokuwa zimepangwa, na zilipoanza kuisha akaenda nyuma ya banda bila kuambiwa na mtu, akavuta magunia.

Magogo yale yalikuwa yamekauka miaka mingi, yakapasuka kwa pigo moja moja. Kabla ya kila pigo Tohari aliweka kiganja juu ya gogo kidogo, kisha akainua shoka. Mama Yatmi alipakia mkokoteni bila kufanya mzaha hata mmoja, na hapo ndipo sisi tuliokuwa tukisaidia kubeba tulipojua kwamba anamhurumia mumewe.

Alasiri lilibaki la mfenesi peke yake. Tohari akawasha msumeno. Mama Yatmi akaja, akakunja kitambaa chake cha kiunoni, akalikalia.

Tohari akauzima msumeno. "Mama Yatmi, ondoka hapo."

"Siondoki."

"Tanuru la watu linapoa."

"Najua. Tafuta kuni nyingine."

"Ziko wapi? Na wewe mwenyewe kila siku unaniambia nilichome."

"Mimi nasema mengi, Baba Yatmi. Wewe ulisema moja tu, kwamba hiki ni kitanda chetu."

Tohari alisimama pale, mvua ikimtiririka puani. "Nilidhani umesahau."

"Nalalia ule uchaga wako wa mianzi tangu Yatmi hajazaliwa. Nikisahau mimi, mgongo unanikumbusha."

Kisha, bila kuinuka, akaelekeza kidevu kwenye chumba chao cha kupikia. Ukuta wake wa upande wa uani ulikuwa wa mbao nene za msaji alizoachiwa na mama yake. Akamwambia achukue huo.

"Huo wa mama yako."

"Mama hayupo kuuona. Na mvua huwa inapigia upande wa pili."

Wakaung'oa pamoja. Baada ya ukuta likafuata banda, na mbuzi wakafungwa sebuleni, wakaanza kutafuna kalenda. Pak Wiryo alipochungulia akawakuta mbuzi kwenye viti, aligeuka, akaenda kubomoa uzio wake mwenyewe. Ndipo majirani wengine nao wakaleta: huyu benchi bovu, yule kinu kilichopasuka. Moto haukulegea. Jua lilipokuwa linazama, Pak Wiryo akaziba mdomo wa tanuru kwa tope, akakaa chini palepale, akaomba kahawa.

Tanuru lilipopoa likafunguliwa, vigae vilikuwa vyekundu, ukivigonga vinalia kama sahani. Vichache vya pembeni vilipauka. Hivyo Pak Wiryo aliviezekea banda la kuku wake. Mkewe alileta tempe ya kukaanga, ile mikate ya soya iliyochachushwa, na sambusa za mboga, na Pak Wiryo akataka kuwajengea ukuta mpya wa matofali. Mama Yatmi akamwambia asubiri kwanza.

Tohari hakusubiri tena. Alilichana lile gogo mbao, akatengeneza kitanda, kikawa kipana mno kupita mlangoni, ikabidi akivunje viungo na kukiunga upya ndani. Mama Yatmi alilala usingizi hadi jua likachomoza, jambo ambalo hatukuwahi kulisikia.

Ukuta ulikaa bila kujengwa mwezi mzima. Tuliopita barabarani tuliwaona wakila, tukawasalimu, wakatukaribisha. Siku moja Pak Wiryo alimuuliza Mama Yatmi kama bado tu hajaamua kuhusu ukuta. Mama Yatmi alikuwa anageuza mendoan, vile vipande vyembamba vya tempe, kwenye mafuta, na kule uani, mbele yake pasipo ukuta wa kumziba, mumewe alikuwa ameinamia magogo mapya yaliyoshushwa na lori, midomo ikicheza.

"Miaka yote hii nilikuwa sijui," alisema taratibu, "kumbe huwa anaongea nayo."

Akatoa mendoan ya kwanza, akaiweka kwenye jani la mgomba, akampelekea mumewe ingali ya moto.