Kifo Hakitangulii Salamu

Nimezunguka nchi hii mpaka nyayo zimekuwa ngumu kama soli, na shule nilisoma vipande vipande. Lakini namna ya kuleta habari nilifundishwa na dume lililokufa.

Mwaka wa 1936 nilikuwa mkalimani katika shamba la kaburu mmoja, ng'ambo ya mto Sosiani. Tulimwita Kiko, kwa kuwa kiko chake nadhani alilala nacho. Mchungaji wake, Kipyego, aliruhusiwa kulisha humo ng'ombe wake mwenyewe kumi na wawili. Siku moja dume la ng'ombe la Kiko, lililoletwa kwa meli kama bibi harusi, likatumbukia shimoni. Kipyego akakimbia mpaka kwa bwana. Alipofika akasimama, akapumua, akaanza kama mtu aliyelelewa: Bwana hujambo? Mama je? Mvua imenyesha vizuri. Majani yako vizuri. Ndama wako vizuri.

Kiko akasikia "vizuri" mara tatu, akaingia gari, akaenda Eldoret kunywa. Jioni dume lilikuwa nyama.

Kesho yake tukaitwa barazani.

"Wewe nasema mzuri, mzuri!" Kiko akanguruma. "Dume nakufa! Jumamosi toka, wewe na ng'ombe yako!"

Atoke aende wapi? Majani yote ya huko nje wazungu walikuwa wameyazungushia waya.

"Mwambie sikuwa nimemaliza," Kipyego akaniambia kwa Kinandi.

Nikamwambia.

"Kwa nini hapana anza na dume?"

"Mwambie kifo hakirushwi usoni mwa mtu kama jiwe. Unaanza na walio hai, ajue bado ana kitu. Halafu unashusha sauti. Sauti ikishuka, mtu mzima anatega sikio."

Nikatafsiri yote, hata hilo la mtu mzima. Kiko akawa mwekundu kama nyanya.

"Kitu kubwa mbele! Na sauti juu!"

Hapo Musimbi, yaya wa nyumba ile, akaweka mtoto chini. Musimbi alimwogopa Mungu tu, na Mungu mwenyewe siku za Jumapili pekee.

"Bwana," akasema, "barua ilipokuja kwamba mama yako amekufa, memsabu, mkeo, alikuambiaje? Alianza na kuku, kwamba wanataga. Akaleta kahawa. Kikombe cha pili ndipo akashusha sauti. Mbona yeye hukumwambia atoke Jumamosi?"

Kiko akachungulia ndani ya kiko chake kama aliyepoteza kitu humo.

"Kaa," akamwambia Kipyego mwishowe. "Lakini toka leo, mbaya mbele!"

Wiki haikuisha. Asubuhi moja, jua halijatoka, Kipyego akapiga yowe dirishani: "Mbaya! Mbaya!" Mzungu akatoka mbio na shati la kulalia, miguu mitupu kwenye umande.

"Nini mbaya?"

Kipyego akavua kofia taratibu. "Bwana hujambo? Mama je? Mvua imenyesha..."

Kiko akafungua mdomo, akaufunga. Akasimama pale, vidole vimekuwa kama karoti kwa baridi, akasikiliza mvua, majani, na ndama, mmoja mmoja kwa jina. Kisha sauti ya Kipyego ikashuka.

Kabla sijatafsiri neno, mzungu alikuwa anapiga kelele tulete kamba shimoni.