Kibao Juu ya Mwaka wa Baba

Birika lile la maji ya mvua alilichimba marehemu baba yake Shahda, kwenye mwamba mtupu, kwa sururu na ubishi, kabla askari wa Israeli hawajafika katika vilima vya kusini mwa mji wa Al-Khalil. Alipomaliza kulisiriba alichonga mwaka kwenye jiwe la mdomoni: 1952. Mkewe Thurayya, bibi harusi wa miezi mitatu, ndiye aliyemshikia jiwe lisitikisike. Sasa Hajja Thurayya amepita themanini, na kila akienda kuteka maji hulipapasa jiwe lile kwanza, ndipo ashushe ndoo.

Wakaja watu wa mradi wa maji kutoka Ulaya. Tuseme haki, walikuja na kheri. Waliziba nyufa, wakaweka mfuniko wa chuma wenye kufuli. Lakini mfadhili naye ana desturi yake: mkono mmoja ukitoa, wa pili umeshika kamera. Rima, mhandisi wao, binti wa Bethlehemu, alimkabidhi Shahda kibao cha chuma chenye bendera, jina la mradi na mwaka 2019.

"Kitundike popote, ami Shahda. Hata kwenye nguzo ya zizi. Mimi nataka picha tu."

Popote hapakumtosha Shahda. Mwezi uleule jirani yake Abu Sakr alikuwa amebomolewa zizi na askari kwa kukosa kibali cha kujenga, na vibali hapo watu wameviomba mpaka wakazeeka. Kila mwenye mdomo kijijini alisema askari wanaistahi bendera ya Ulaya. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Basi Shahda alikoroga saruji yake bora, akakibandika kibao mahali palipo bapa kuliko pote, pale kwenye jiwe la mdomoni, akakikandamiza kwa viganja viwili.

"Mwanangu, umemfunika baba yako," alisema Hajja.

"Nimemlinda, mama. Bendera ndiyo inayolinda siku hizi."

"Mbandikie na punda wako," Abu Sakr akadakia kutoka ng'ambo ya ukuta, "wasije wakambomoa!"

Walicheka wote. Hajja naye alicheka, lakini mkono wake ulikuwa unatafuta ule mchongo kwenye jiwe na kukuta chuma.

Mkaguzi wa majengo wa Israeli alifika mwezi wa tano na gari jeupe na askari wawili. Kiarabu chake kilikuwa safi. Alisimama mbele ya kibao, akakipiga picha mara tatu.

"Mmejenga hili bila kibali."

"Hatukujenga sisi. Ni la baba yangu, bwana. La zamani, kabla yenu."

"Hapa pameandikwa elfu mbili na kumi na tisa. Umeandika mwenyewe, sasa unanibishia nini?"

"Mwaka wake uko chini ya hiki kibao!"

"Basi nionyeshe."

Shahda alikimbia kuleta nyundo na patasi. Aligonga taratibu, huku jasho likimwingia machoni na mama yake akimwambia polepole, mwanangu, polepole. Lakini saruji ilikuwa nzuri. Kibao kilipobanduka kilibanduka na uso mzima wa jiwe, na uso huo ukavunjika miguuni pake ukawa kokoto. Pale mdomoni palibaki peupe, kama jiwe lililochongwa jana.

Mkaguzi alipiga picha hiyo pia. "Umenionyesha nini?" aliuliza, na hata hakuuliza kwa kebehi. Aliacha karatasi ya amri ya kubomoa chini ya jiwe akaondoka.

Wakili wa mradi aliandika pingamizi, likakataliwa. Buldoza lilikuja wakati wa kifungua kinywa, chai ikiwa bado ya moto. Lilivunja mdomo wa birika, kisha likasukumia udongo na mawe ndani, juu ya maji yote ya mvua za majira ya baridi waliyoyatunza kwa kondoo sitini. Hajja hakupiga kelele. Aliketi chini akalia kama siku aliyofiwa na mume, na Shahda hakuthubutu kumsogelea, maana alijua ni nani aliyemzika baba safari hii.

Baada ya siku nne Rima alirudi na tangi jeusi la plastiki juu ya lori. Alimbusu Hajja mkono, akaomba radhi kwa yasiyo yake, kisha akabaki amesimama na kitu ubavuni alichokuwa anakificha. Kilikuwa kibao kipya.

"Ami, nisamehe. Bila picha, hawataleta maji ya wiki ijayo."

Kondoo walikuwa wanalia tangu alfajiri. Shahda alikipokea kibao, akamgeukia mama yake.

"Nikiweke wapi?"

"Weka popote, mwanangu," alisema Hajja. "Hakuna tena wa kumfunika."

Shahda alikishika kibao kifuani. Rima aliinua kamera, na kwa mara ya kwanza hakumwambia mtu atabasamu.